Meza ya Safari: Kula na Mwongoza Watalii Uliyemkodi

Hotuba kwa familia na vikundi vinavyojiandaa kutembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania wakati wa likizo

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, na vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti:

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo katika karatasi za maandalizi ya safari halipewi hata mstari mmoja. Karatasi hizo hutaja viingilio vya hifadhi, darubini, koti la baridi la Ngorongoro na dawa za malaria, lakini hazisemi mtakula vipi na yule mtu atakayekuwa nanyi ndani ya gari moja tangu alfajiri hadi jua linapozama, siku nne au tano mfululizo, yaani mwongoza watalii mliyemkodi. Mimi nimekaa upande wake wa meza kwa muda mrefu kabla ya kuhamia kwenye kazi ya kuwafundisha wanaoingia katika shughuli hiyo, na safari kadhaa nilizoziona zikiingia ubaridi ziliuanza ubaridi huo mchana wa siku ya kwanza, pale chakula kilipofunguliwa na hakuna aliyejua nani anamkaribisha nani.

Wapo watakaosema kwamba Mswahili hafundishwi kukaribisha watu chakula. Ni kweli hatufundishwi, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Mgeni anayetoka Ujerumani au Japani hufika akijua kwamba hajui, kwa hiyo huuliza. Sisi tunafika na mila yetu kamili, ya kwamba anayekula humkaribisha anayepita, na aliyekaribishwa hujibu "starehe" akaendelea na safari yake, au akaketi, akanawa, akala. Mila hiyo inafanya kazi kwa sababu mwenyeji anajulikana na mgeni anajulikana. Ndani ya gari la safari hawajulikani. Yeye ndiye mwenyeji wa njia: anajua maji yanapatikana wapi, anajua choo safi kiko wapi, ndiye anayesema hapa tushuke na hapa tusishuke. Ninyi ndio mnaolipa, na kwa hesabu hiyo meza ni yenu. Basi yeye anangoja kukaribishwa, ninyi mnangoja awaelekeze, na chai inapoa.

Kutokana na utata huo sisi wasafiri wa ndani huangukia pande mbili, na zote mbili nimezishuhudia. Upande wa kwanza ni wa wanaomfanya kuwa "dereva" tu: "Dereva, nenda kale, urudi saa nane." Haitwi kwa jina, haulizwi atakula wapi, na pengine mahali penyewe ni katikati ya Serengeti ambako hata duka la biskuti halionekani. Upande wa pili unapendeza zaidi kuutazama. Ni wa wale wanaomfanya ndugu tangu dakika ya kwanza, wakamlazimisha kuketi nao kila mlo, wakampakulia, wakamwongezea, wakamwita shemeji, na siku ya mwisho, kwa kuwa amekuwa ndugu, wakaona haya kumpa bakshishi, au wakaihesabu ile pilau aliyokula kuwa sehemu ya bakshishi hiyo. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningesema hawa wa pili humchosha zaidi kuliko wale wa kwanza, ingawa najua wengi hapa hamtakubaliana nami.

Ninachowaomba ni kwamba suala la chakula cha mwongozaji lizungumzwe waziwazi kabla gari halijawashwa, na kwamba baada ya hapo kila mwaliko mnaompa uwe ni mwaliko anaoweza kuukataa bila kuonekana amewadharau. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na hayo.

Nianze na mazungumzo ya kabla ya kuondoka. Mnapokodi gari na mwongozaji kupitia kampuni, mara nyingi ndani ya bei mnayolipa tayari imo posho yake, yaani fedha anayopewa kwa siku kwa ajili ya kula na kulala. Posho hiyo hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, na wapo wanaoibana kwa kula mlo mmoja wa maana kwa siku ili kibaki kitu cha kupeleka nyumbani. Kwa hiyo muulizeni mwenye kampuni, wala si mwongozaji mwenyewe: je, katika maboksi ya chakula cha mchana yatakayoandaliwa, na la kwake limo? Tukilala kambini, mpishi wetu atampikia na yeye? Tukilala loji, yeye atalala wapi na atakula wapi? Maswali hayo hayachukui muda, na huwapunguzia mashaka ya safari nzima. Mkishajua kwamba ana posho, kisha siku moja mkaamua kumlipia chakula, basi posho ya siku hiyo inabaki kuwa yake. Msimpigie simu mwenye kampuni ili aikate, na msimtanie kwamba leo ameokoa hela.

Kwa aliyekodiwa bila kampuni, mathalani kijana mwenye kitambulisho halali anayewatembeza Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa nusu siku, hali ni nyingine, kwa kuwa huyo hana posho ya mtu. Matembezi yakianza saa tatu asubuhi na kupita saa saba mchana, amekosa chakula chake kwa ajili yenu. Ustaarabu unadai mojawapo ya mambo mawili: ama mumpe saa nzima akale nyumbani kwake au anakokujua yeye, ama mumlipie pale mnapokula ninyi. Kumwacha amekaa barazani nje ya mgahawa, akiwalindia mikoba huku ninyi mkila ndani, ndilo jambo ambalo sijaliona likiwa na udhuru wowote.

Sasa tushuke kreta, lile bonde kubwa la Ngorongoro. Wengi wenu mtaingia Ngorongoro mapema, kwa kuwa njia za kushukia hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa sita mchana njaa itakuwa imewashika vilivyo. Sheria haimruhusu mtu kushuka garini popote anapotaka, hivyo mtapelekwa kwenye eneo lililotengwa, na linalojulikana zaidi ni Ngoitokitok, penye maji ya viboko. Magari hupangwa kando ya maji hayo, milango inafunguliwa, na maboksi yanatoka: kipaja cha kuku kilichokaangwa tangu jana usiku, yai la kuchemsha, mkate wenye jibini, ndizi mbivu, juisi ya pakiti, na kipande cha keki kilichokwisha kuvunjikavunjika kwa mitikisiko ya barabara. Juu yenu watakuwa wanazunguka mwewe. Ndege hao wameijua kazi yao. Hushuka kwa nyuma, kimya, na kumpokonya mtu kipaja cha kuku kikiwa kati ya mkono na mdomo, na ukucha ukipita kwenye kidole huacha alama. Mwongozaji akisema "leo tule ndani ya gari", msimwone kuwa ni mtu wa masharti. Inawezekana amewahi kumfunga mtoto wa watu kitambaa mkononi mahali hapohapo.

Mkiwa mnakula mtamwona analizunguka gari, anagonga matairi kwa kiatu, anainama kutazama kama kuna mafuta yanayovuja, kisha anachukua boksi lake na kwenda zake kujiunga na waongozaji wenzake waliokusanyika penye kivuli cha gari jingine. Hapo zipo familia hunung'unika: tumemkaribisha vizuri, mbona ametukimbia? Hajawakimbia. Wale wenzake ndio gazeti lake la siku. Mmoja ameshukia njia ya Seneto na mwingine ya Lemala. Mmoja amemwona faru mweusi asubuhi karibu na msitu wa Lerai, mwingine amewaacha simba wamelala kwenye kivuli cha kalvati. Katika nusu saa hiyo ya kula wima, wakitafuna huku wakisemezana, ndipo hupangwa mtakachokiona ninyi kuanzia saa nane. Redio ya gari nayo hupasha habari, lakini redioni mtu hasemi yote, kwa kuwa kila gari likisikia, yote yatakwenda kumzingira mnyama mmoja. Kwa hiyo chakula anachokula mbali nanyi ni sehemu ya kazi mliyomlipia. Vilevile ni mapumziko yake: tangu alfajiri amekuwa akijibu maswali, akitabasamu, akigeuza shingo kuwatazama wa viti vya nyuma, na mtu anayefanya kazi ya kusema anahitaji nusu saa ya kunyamaza, au ya kusema upuuzi na watu ambao hawatamwandikia tathmini.

Mkaribisheni basi mara moja, kwa jina lake, kwa maneno ya namna hii: "Kaka Juma, sisi tunakula hapa, ukipenda ungana nasi, ukipenda kwenda kwa wenzako ni sawa pia, tukutane garini saa saba na nusu." Mkishasema hivyo imetosha. Nyumbani kwetu kuurudia mwaliko ni heshima, kwa sababu mgeni wa nyumbani naye ana nafasi ya kukataa mara tatu bila neno. Mtu aliye kazini hana nafasi hiyo. Akiambiwa mara ya tatu na anayemlipa, atakuja kuketi hata kama moyo wake uko kwingine, na mtakula naye akiwa anatazama saa.

Vilivyomo ndani ya boksi navyo vina adabu yake. Kama huli mayai au hupendi keki, mpe kabla hujakigusa kitu hicho, kikiwa bado ndani ya karatasi yake, na umpe kama unavyompa mwenzako: "Mimi yai halinipendi, lichukue kama unalipenda." Kumaliza kula kwanza, kisha ukafunika mifupa na nusu ya mkate na kumkabidhi boksi "amalizie", ni tusi, hata likitolewa kwa moyo mweupe, na nimeliona likitolewa na watu waliosoma sana. Mabaki hayohayo msiyatupe dirishani kwa watoto wanaochunga mifugo kando ya barabara inayotoka ukingo wa kreta kuelekea Serengeti. Mtoto akizoea kupata chakula kutoka garini huacha ng'ombe na kukimbilia barabarani, na mwongozaji wenu ndiye atakayepita tena hapo wiki ijayo na mguu juu ya breki. Wala msimpe tumbili, kwa sababu tumbili aliyeonja mkate humvamia anayefuata. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo takataka zirudi ndani ya boksi lenyewe, na boksi liondoke na gari.

Neno moja kuhusu kumshindilia mtu chakula. Sisi hupima ukarimu kwa "ongeza, ongeza", na sahani ya mgeni haiachwi ikauona mwanga. Huyu mtu atawaendesha kwenye vumbi na mawe mchana kutwa. Ugali mkubwa saa saba ni usingizi saa tisa, naye anajua kiasi chake. Akisema ameshiba, ameshiba.

Usiku una mitego zaidi kuliko mchana. Loji nyingi kubwa zina sehemu ya madereva, kwa kawaida jengo la nyuma lenye vyumba vyao na chumba chao cha kulia, ambako wali, maharage na nyama hupakuliwa kwa bei inayolingana na posho zao. Zipo loji zinazomruhusu mwongozaji kula na wageni wake akialikwa, na zipo zisizoruhusu. Ukimwalika mezani mbele ya wahudumu kabla ya kuuliza mapokezi, unaweza kumtia katika aibu ya kuinuliwa kitini na mtu anayefahamiana naye na atakayekutana naye tena safari ijayo. Anza mapokezi, na uulize bei palepale, kwa kuwa mlo wake utaingia katika bili ya chumba chako na bufee ya loji huzidi kwa mbali posho ya mtu ya siku. Bei hiyo isikuzuie kumwalika. Ikufanye umwalike kwa makusudi, usiku mmoja mliouchagua, badala ya kila usiku kwa mazoea.

Akisema hapana, msitafute sababu ya ndani. Huenda tairi lililotoboka mchana linataka kuzibwa, gari linataka kufagiliwa vumbi, na saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe amekwisha kuamka. Tena niwaambie jambo la huko nyuma: chakula cha madereva mara nyingi ni kitamu kuliko bufee, kwa sababu mpishi hamwogopi mlaji. Ugali unatoka wa moto, mchuzi una pilipili, na mchicha haujachemshwa ukapoteza rangi. Namkumbuka mzee mmoja, mkurugenzi mstaafu, aliyechoshwa na supu za maboga, akamwomba mwongozaji wake ampeleke kule nyuma akale nao. Alipokewa vizuri sana, na kilichompa mapokezi hayo ni kwamba aliomba kwanza, akaketi alipoonyeshwa, na hakupiga picha hata moja.

Msafiri aliye peke yake, hasa akiwa dada, ana haki ya kula peke yake usiku bila kumweleza mtu, na mwongozaji mwenye adabu hatamfuata mezani. Siku hizi wapo pia waongozaji wanawake, na mwaliko wa chakula cha usiku kutoka kwa mwanamume aliyesafiri peke yake humpa dada huyo kazi ya kutafuta udhuru wakati amechoka. Mwalike mchana, penye watu, na hakutakuwa na maswali. Kuhusu pombe sina maneno mengi: mchana hapewi anayeendesha gari, hata bia moja ya kumpoza, hata akiiomba mwenyewe, usiku ni hiari yake, lakini usiwe wewe wa kumnunulia ya pili ilhali mnaondoka alfajiri.

Njiani mtasimama pia kwenye migahawa, Mto wa Mbu au Karatu, na hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Migahawa mingi inayopokea magari ya safari humlisha mwongozaji bure kwa kuwa ameleta wateja. Ni desturi ya biashara na sioni uovu ndani yake, ingawa inafaa mfahamu kwa nini amewapeleka huku badala ya kule. Mkifika akapotelea upande wa jikoni, ana sahani inayomngoja, na kumvuta mezani mkamwagizia ni kulipia kilicho bure. Mambo hubadilika mkiamua wenyewe kula kwa mama ntilie, au kile chakula kinachopikwa na akina mama wa Mto wa Mbu kwenye mashamba ya migomba, ndizi nyama, kisamvu, samaki na wali katika vyungu vilivyopangwa mezani. Hapo hakuna mlo wa bure, meza ni yenu, na neno la kulipa litangulie menyu: "Leo tunalipa sisi." Asipolisikia neno hilo ataangalia bei kwanza, ataagiza chai na chapati moja, na kuwaambia hana njaa. Akishalisikia bado atangoja kuona ninyi mnaagiza nini ili asiwazidi. Basi mkubwa wa msafara aagize wa kwanza, aagize kitu cha maana, na aseme kwa sauti ya kawaida kwamba yeye anachukua samaki mzima. Maji ya kunawa yakiletwa kwa birika na beseni, mwongozaji naye anawe kama walaji wengine. Nimeona vikundi vikimwachia yeye awanawishe watu kumi, awapakulie, kisha ale kilichobaki chini ya chungu. Bili ikija isisomwe kwa sauti, wala isigawanywe kwa kikokotoo cha simu mbele yake.

Niingie katika imani na afya, ambako maswali yetu huwa ya pupa. Waongozaji wa kaskazini ni Wachaga, Wameru, Waarusha, Wapare, Wairaqw, Wamasai na wengineo, na dini zao ni za mchanganyiko uleule. Mpare Msabato hali nguruwe kama vile Mwislamu asivyomla, kwa hiyo kukisia kwa jina la mtu au kwa kabila lake kutawapoteza. Hakuna haja ya kumuuliza "wewe dini gani?" wala "unaumwa nini?" Muulizeni siku ya kwanza: "Kuna chochote usichokula, na kuna saa ambayo lazima ule?" Wapo wengi katika kazi hii wenye vidonda vya tumbo, kwa sababu ya miaka ya kula ovyo barabarani, na wapo wenye sukari. Akiwajibu kwamba saa saba lazima ale, basi saa saba gari lisimame, hata kama juu ya mti yuko chui.

Ramadhani inadai uangalifu wa pekee, hasa kwa watakaoendelea na safari hadi Zanzibar. Huko mchana wa Ramadhani watu hawali wala hawanywi hadharani, na migahawa ya wageni hufunika milango kwa mapazia. Mfikirieni basi mwongozaji aliyefunga anayewapeleka kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani: anawachunia iliki, anawapasulia mdalasini, anawakatia fenesi na nanasi mkaonja, akawaeleza na ladha yake, na yeye hajaweka kitu mdomoni tangu daku. Msimwombe radhi kila mnapoonja, maana radhi hizo humchosha kuliko njaa. Onjeni kwa kiasi, maji nyweni mkiwa ndani ya gari au kwa kugeuka pembeni, na pangeni matembezi yaishe saa tisa au kumi. Kumshikilia mpaka karibu na magharibi, saa kumi na mbili na kitu, kwa ajili ya picha za jua kuzama, ni kumnyang'anya futari na watoto wake.

Na kama yeye ndiye atakayewaalika futari nyumbani, sahauni yote niliyosema kuhusu nani mwenye meza. Siku hiyo yeye ni mwenyeji kamili na ninyi ni wageni wake. Nendeni na kitu mkononi, tende, sukari au matunda, mkabidhini mama mwenye nyumba, leni mtakachowekewa, tambi, muhogo wa nazi, uji wa pilipili manga, na asiwepo wa kutoa pochi juu ya mkeka. Bakshishi ina siku yake.

Kwa watakaopanda Kilimanjaro, mambo ya meza ni tofauti kidogo. Kule wateja hula katika hema la kulia, au ndani ya vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo kwa wanaopita njia ya Marangu, na timu yao hula pembeni, ugali kwa dagaa, kabichi au maharage, kwa kuwa mpagazi aliyebeba kilo 20 hashibi kwa supu ya tango. Kiongozi wa mlima huingia jioni mnapomaliza kula na kuketi nanyi, na watu hudhani amekuja kupiga soga. Anatazama sahani. Kukosa hamu ya kula ni mojawapo ya dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko, pamoja na kichwa kuuma na kichefuchefu, na aliyeshindwa kula jioni akiwa kwenye kambi ya Barafu au Kibo anaweza kuwa ndiye atakayeteremshwa usiku huohuo kabla ya kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kwa hiyo kule adabu kubwa ya mezani ni kusema kweli. Usimwage wali nyuma ya hema ili uonekane umekula, wala usimhamishie mwenzako. Mwambie kwamba leo umeshindwa, na uamuzi ni wake. Kuna na jambo jingine ambalo wateja hawaambiwi: chakula kinachobaki kwenye mabakuli makubwa ya katikati mara nyingi hurudi jikoni na kuliwa na timu. Pakueni kwa kijiko cha kupakulia, chukueni mtakachomaliza, na msichokoe nyama kwa uma mliokwisha kuutia mdomoni.

Mazungumzo ya mezani nayataja kwa ufupi. Msimhoji mtu mshahara wake huku anatafuna. Msimuulize kampuni gani ina magari mabovu. Na katika ukanda wa Ngorongoro kuna habari ya wakazi kuhamia Msomera, wilayani Handeni, iliyoanza mwaka 2022, na kila msafiri anayesoma habari hutaka kuizungumzia akishashiba. Mwongozaji wenu anaweza kuwa na mama yake kwenye boma mnaloliona kutoka barabarani, au ndugu aliyekwisha kuhama. Akilianzisha mwenyewe, msikilizeni. Asipolianzisha, ongeeni mpira.

Mama mmoja ameniletea kikaratasi hapa mbele akiuliza: tukimkaribisha kila siku naye kila siku akakataa, tumfanyeje? Mama, msimfanye lolote, endeleeni kumkaribisha mara moja kwa siku, na mbali na hapo muulizeni asubuhi kama anakunywa chai yenye sukari au isiyo na sukari. Bebeni chupa ya chai ya tangawizi, karanga na vikombe visivyovunjika, na ikifika saa nne, akishalizima gari mahali anapoona ni salama, mpeni kikombe cha kwanza yeye, kwa sababu ndiye asiyeweza kunywa gari likiwa linatembea. Sijamsikia aliyeikataa chai hiyo, na wala haimlazimishi kutoka kwenye kiti chake. Ndugu Mwenyekiti, naona mikono mingine imekwisha kunyooshwa, nakurudishia kipaza sauti.